Daftari la Waetruski

Baba,

Shikamoo. Safari hii sitangoja uitikie.

Leo ni Ijumaa, wanaume wamerudi kutoka msikitini wamelala, na mimi nimekaa hapa nyumbani Ibra, Omani, na daftari lako mapajani. Tangu ulipozikwa, miezi saba sasa, sikuwa nimelifungua. Nililifunga kwenye kanga nikaliweka sandukuni chini ya nguo za sikukuu ya Idi. Nilikuwa naliogopa. Nitakwambia kwa nini, lakini kwanza salamu, maana hukupenda mtu avamie jambo kabla hajaulizana hali na wenziwe.

Mama hajambo, ila magoti. Mtende wako umezaa. Jirani kasema tende zake hazina utamu, nikamwambia basi asile. Mjukuu wako Asila yuko darasa la nne, na Kiarabu anakisoma kama maji.

Baba, unakumbuka ulipokuwa karani kambi ya barabara pale Bidbid? Ukirudi Alhamisi vumbi mpaka kwenye nyusi, na badala ya kuuliza chakula unatuuliza sisi: "Mnajua Mtaliana kanionyesha nini?" Mtaliana wako, yule mpima ardhi, ambaye kwao mtu akilima shamba jembe hugonga kaburi la watu wa kale. Waetruski, waliokaa Italia kabla Warumi hawajapata nguvu. Alikupa kadi za picha ukatuletea, tukagombania.

Sijasahau hata moja. Nyumba za wafu zimechongwa ndani ya mwamba, zina vitanda na mito ya mawe. Ukutani wamechonga vyombo, visu, kamba, hata upawa, ili marehemu asikose kitu jikoni kwake. Na wale mume na mke wa udongo juu ya jeneza moja, wameegemea pamoja kama wanaongoja kahawa! Ukatwambia wanawake wao walikuwa na majina yao wenyewe, yakaandikwa. Mama aliitazama picha ile kitambo kirefu, akasema, "Hawa walipendana, wallahi." Ukaona haya, ukajifanya unatafuta miwani.

Siku nyingine ulitupeleka kwenye falaji, ule mfereji wa kale wa mji wetu, tukatia miguu majini, ukatueleza kwamba na wao walichimba njia za maji chini ya ardhi. "Hatukuwajua, hawakutujua," ulisema, "na mikono yetu imefanya kazi moja. Subhanallah." Ulisema polepole, kama uko msikitini. Nilisisimka mwili, na leo nikiandika nasisimka vilevile.

Na yule mbuzi uliyemnunua soko la Sinaw! Umeshamchinja, watu wana njaa, wewe umeshika ini unaligeuza juani, kwa kuwa makuhani wao walikuwa wakisoma mambo yajayo kwenye ini la kondoo. Mama akakwambia, "Mimi naliona linasema chakula kitachelewa."

Lakini lililokuduwaza kuliko yote ni maandishi yao. Waliandika kutoka kulia, kama sisi. Herufi zao zinajulikana, mtaalamu anaweza kusimama mbele ya kaburi akasoma kwa sauti mstari mzima, na mengi anayoyasoma asijue yanasema nini. "Kwa sababu," ulisema, "hakubaki wa kuulizwa."

Sasa nije kwenye lile langu. Tulipotoka Unguja tukaja huku, nilichekwa shuleni kwa Kiarabu changu cha kubabaisha. Nikaapa mwanangu hatachekwa, nikamsemesha Kiarabu kitupu tangu ananyonya, na nyinyi nikawaomba mfanye hivyo hivyo. Wewe ulivumilia, ukavumilia, siku moja ukaniambia, "Unafunga mlango, mwanangu, na mimi nimo ndani." Nikakujibu kwamba dunia imebadilika. Jibu baya, Baba, nisamehe. Ulinunua daftari ukaanza kuandika habari za Waetruski kwa ajili ya wajukuu, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu kama ulivyofundishwa chuo cha Kurani ulipokuwa mdogo. Nilijua unaniandikia mimi. Ndiyo maana nililiogopa.

Leo nimelifungua, Asila kaja, kalichukua mikononi mwangu, akaanza kusoma kwa sauti.

Baba, hakukwama popote. Mume na mke, mito ya mawe, njia za maji, maneno yako yote yanatoka kinywani mwa mtoto, na hata yale mapumziko yako yamo. Nilihisi umekaa nasi. Sikuthubutu kujikohoza. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine, kisha akainua uso akaniuliza kwa Kiarabu: Mama, hii lugha gani?

Alikuwa amesoma kaburi zima, kama yule mtaalamu wako.

Akaendelea, maana sauti zilimpendeza, mpaka mstari wako wa mwisho. Akausoma wazi, kanikazia macho, hajui ananiamuru nini: "Wale hawakubakiwa na wa kumuuliza. Nyinyi mnaye. Muulizeni mama yenu."

Nililia mpaka mtoto akaogopa. Nilipotulia nikamweka ubavuni, nikarudi ukurasa wa kwanza, nikamfasiria neno baada ya neno. Tulipofika kwenye upawa nikaenda jikoni nikamletea. Akaushika kwa mikono miwili, kama umetoka kaburini sasa hivi, akasema, "Upawa." Akarudia. Baba, ungelikuwapo!

Kaburi lako halina kitanda wala mto, ni mawe mawili tu kwenye changarawe, na ndivyo dini yetu inavyotaka. Nyumba yako ni hili daftari. Nakuahidi kila Ijumaa tutaingia ukurasa mmoja, mpaka Asila aweze kuingia peke yake. Barua hii nimeiandika kwa herufi zako, na nitaiweka humu humu nyuma ya mstari wako. Siku atakayoisoma akacheka kwa lile la jirani na tende, nitajua nimetimiza ahadi.

Mungu akulaze pema, Baba yangu. Ningependa kuendelea, lakini Asila yuko jikoni anatoa vyombo vyote kabatini, na ananiita nije nimwambie kimoja kimoja kinaitwaje. Wacha nende nikamjibu.

Mwanao,
Zuwena