Sikio la Kaka Yangu Limeenea Mji Mzima

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za kawaida, naomba unisaidie maana nimeshamuuliza mama, nimemuuliza jirani, nimemuuliza hata fundi cherehani wa pale chini, kila mmoja kanishauri lake, na sasa nina ushauri mwingi kuliko akili ya kuutumia.

Mimi ni mchoraji. Sikusomea. Nilijifunza kwenye makaratasi ya kufungia sabuni, nikahamia ukutani, nikahamia kwenye simu, na leo nina kompyuta ambayo nusu ya vitufe vyake vimefutika herufi lakini vidole vinajua njia. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu sioni ubaya, maana hakuna aliyejitolea kunifanyia kazi hiyo.

Nilipomaliza shule, kinyozi wa mtaani kwetu alinipa kibao kitupu akataka nimchoree mwanamume mtanashati, kanyolewa akanyoleka, nami sikujua kuchora mtu kwa kumfikiria tu, mpaka leo sijui, lazima nimtazame mtu kwa macho, na wa kutazamwa bure pale nyumbani alikuwa kaka yangu, basi nikamkalisha uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akageuza uso kidogo upande wake wa kulia, nikamchora kama alivyo, pamoja na lile sikio lake la kushoto ambalo amezaliwa nalo, ncha ya juu imejikunja mbele kama kona ya ukurasa. Sikulinyoosha. Kinyozi alipokiona kibao alisema, "Huyu mtu anaonekana kama atakusalimia," akakipigilia mlangoni.

Mshauri, kile kibao kilipendwa. Vinyozi wa mitaa mingine wakaenda kwa wachoraji wao wakawaambia, nataka kama kile cha pale kwenye kona, nao wakaiga, wengine wakawaiga walioiga, na kila mmoja alitia lake, mmoja kampa miwani ya jua, mwingine tai, mwingine kamwongezea midomo mpaka nikamhurumia, lakini sikio hakuna aliyethubutu kuligusa, nadhani kila kinyozi aliogopa kwamba huenda ndilo linalovuta wateja. Leo ukitembea mjini utamkuta kaka yangu kila baada ya maduka machache, na mimi hupita nikitembea polepole, kifua mbele kidogo, kama mtu mwenye nyumba za kupangisha.

Sasa shida. Kuna kampuni inayochapisha vitabu vya watoto, imetangaza inatafuta mchoraji wa mfululizo mzima kuhusu mtoto anayependa kufungua vitu vilivyoharibika, redio, saa, kufuli, halafu anashindwa kuvifunga. Nikausoma mfano wa hadithi walioutoa nikacheka peke yangu, maana huyo ni kaka yangu alipokuwa mdogo, na hata sasa ni fundi wa mafriji, tofauti ni kwamba siku hizi anafunga. Nikachora kurasa za majaribio na yule mtoto nikampa kichwa cha kaka, sikio na kila kitu. Wakaniita.

Bosi wa michoro ni mama mmoja mpole, anaongea taratibu, ana miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Akazitandaza kurasa zangu mezani, akatabasamu, kisha tabasamu likasimama njiani.

"Dada, huyu si yule wa vinyozi?"

"Ndiye. Mimi ndiye niliyemchora."

"Wewe? Mbona picha hii naiona kila mahali, na kila mahali ina mkono mwingine?"

"Waliniiga mimi, mama."

Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja na jina la ugonjwa wake. "Mkono wako mzuri, sikatai. Ila siwezi kuingiza mashuleni sura ya kuokota barabarani, halafu kesho akatokea mwenyewe. Rudi Alhamisi ijayo unithibitishie kwamba huyu mtu ni wako. Ukishindwa sitakulaumu, lakini yupo mwingine anasubiri."

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa yule kinyozi wa kwanza, maana ndiye shahidi wangu. Kibao cha awali alishakipaka rangi nyeupe akaandika kwamba anachaji simu. Nikamwomba aniandikie hata maneno mawili kwamba mimi ndiye niliyechora. Aliacha mteja nusu kichwa akanigeukia.

"Wewe ulichora, ndiyo, lakini wazo lilikuwa langu."

"Wazo gani? Uliniambia nichore mwanamume."

"Si ndiyo hilo? Ningesema uchore mbuzi, leo ungekuwa wapi?"

Yule mteja akacheka mpaka akamwomba kinyozi aangalie wembe.

Basi mama yangu anasema hakuna haja ya karatasi. "Mchukue kaka yako, mpeleke kwa huyo mama, avue kofia wamwone, mambo yaishe. Sikio hilo nimelizaa mimi, nani atalibishia?" Na hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu kaka yangu shuleni walimwita Kona, wakawa wakipita nyuma yake wanalifungua lile sikio kama ukurasa na kujifanya wanasoma, na tangu hapo akavaa kofia, kavaa kofia mpaka watu wa kazini kwake wanamwita Kofia na wengi hawajui jina lake, na sisi wawili hatujawahi kuzungumza habari za vile vibao, hata neno moja, tukipita mbele ya kinyozi wote wawili tunakumbuka ghafla kuangalia simu. Juzi nilimwona kwa mbali, yeye hakuniona, alikuwa anatoka kwa mteja na begi la spana, akasimama mbele ya saluni moja mpya ambayo imemchora mkubwa ukuta mzima, akatazama huku na huku, akavua kofia, akageuza uso kidogo kama alivyochorwa, akasimama hivyo, kisha akavaa kofia akaenda zake. Mshauri, roho iliniuma, nikajua ni kiasi gani nimemtesa.

Sasa nifanye nini? Nimpeleke kaka akavuliwe kofia mbele ya wageni kama maonyesho? Nilinyooshe sikio nichore mtoto mwingine? Nimejaribu, mshauri, nikilinyoosha tu yule mtoto anakuwa mtoto yeyote, hana hamu ya kufungua chochote. Au niiache kazi? Nimeitamani kazi hii kama sijui nini, ndani ya hiki kichwa changu nimeshavichora vitabu vyote mpaka majalada. Alhamisi inakuja na mimi bado nazunguka chumbani.

Ni mimi,
Dada Yake Sikio

*

MSHAURI ANAJIBU

Dada Yake Sikio,

Marahaba, nimekuzidi.

Kwanza hongera, na hongera yangu si ya kukupoza. Niliposoma barua yako niliiweka chini, nikatoka nje nikavuka barabara kwenda kwa kinyozi anayetazamana na ofisi yetu. Yupo. Wamempa masharubu na mkufu wa dhahabu, lakini sikio lipo, limejikunja vilevile. Nimepita chini ya sikio hilo kila asubuhi nikidhani mchoraji aliishiwa nafasi. Sasa nitapita nikijua, na nimeshamwambia mlinzi wetu, naye amemwambia kila anayeingia. Mtu hunyolewa mji mzima chini ya kazi ya mkono wako, mwenzangu, halafu unaniandikia kwa sauti ya mtu aliyevunja chungu cha watu!

Hongera imekwisha. Tuingie kwenye ugomvi.

Umejivuna kwamba huwezi kuchora mtu bila kumtazama. Sawa. Mbona kwa kaka yako umechora bila kutazama? Unasema alisimama mbele ya ukuta, akaangalia kama kuna mtu, akavua kofia, akakaa mkao. Mkao, binti yangu! Mwenye kuona haya hupita mbio na kofia kaishusha mpaka puani. Havui. Hageuzi uso ulingane na picha. Huyo hakuwa anaumia, alikuwa anajilinganisha, na ningekuwa na ukuta mzima uliochorwa mimi, hata mimi ningejilinganisha, tena nisingejali nani ananiona. Inawezekana nimekosea, maana kaka yako simjui. Wewe unamjua, mnakula meza moja, na bado umekaa miaka yote ukimkisia. Kuuliza kumetengenezwa kwa ajili ya nini?

Kwa hiyo utamuuliza. Si kwa kumvizia, wala si mama akiwa amekaa katikati na lile tamko lake la uzazi. Msubiri atoke kazini, anawe mafuta mikononi, umwekee mbele zile kurasa za majaribio, umwache azisome mpaka mwisho. Kisha umwambie: kaka, huyu mtoto ni wewe, wanataka kumpeleka kwenye vitabu, je, unaridhia? Usimwombe avue kofia. Usimwombe akufuate kokote. Unamwomba ridhaa, basi, kwa sababu vibao hukumuuliza, na sura ni yake kabla haijawa yako. Akikataa, umekataliwa, na utakuja kutafuta kichwa kingine bila machozi wala kumnunia mtu. Lakini moyo wangu unaniambia atakuuliza kwa nini umempa yule mtoto bisibisi ya aina isiyofaa kwa redio. Hapo ujue amekubali.

Wazo la mama la kumpeleka ofisini liache. Mama ana haki ya kujivunia, hana haki ya kupanga msafara. Na hata kaka akijitolea mwenyewe kwenda, bado hatakuwa amethibitisha unalotakiwa kuthibitisha. Yule mama wa michoro akiliona sikio atajua kwamba mtu mwenye sikio hilo yupo duniani. Atajuaje kwamba aliyemchora ni wewe? Mji una wachoraji kibao waliolichora sikio hilo hilo bila kukutana na mwenyewe hata siku moja.

Na hapo, mtaalamu wangu asiyejua utaalamu wake, ndipo ushindi wako ulipo, nami nashangaa mtu mwenye macho makali namna hiyo hajauona. Wale wote walioiga, wanamjua kaka yako kwa upande mmoja tu. Kageuza uso kidogo kulia, sikio la kushoto mbele, basi. Miwani wamempa, tai wamempa, lakini umewahi kuona kinyozi yeyote mwenye kibao cha kaka yako kwa nyuma? Akiwa ameinama? Akiwa anacheka na mdomo umejaa? Hakuna, kwa sababu hawawezi. Aliyenakili picha ana picha. Wewe una kichwa kizima, umekizunguka tangu mnagombania godoro, unajua kisogo chake kilivyo, unajua sikio la kulia ambalo mji mzima haujaliona, unajua lile la kushoto linavyokuwa akikasirika au akishikwa na usingizi. Uliyesema hujui kuchora bila kutazama, huyo umeshamtazama kiasi cha kutosha maisha mawili.

Basi mpaka Alhamisi fanya mazoezi ya hilo, wala usiniletee habari za kuzunguka chumbani. Chora huyo mtoto kutoka juu akiwa amepiga magoti juu ya saa iliyofumuliwa. Mchore kwa nyuma anakimbia na kufuli la watu. Mchore akiwa mchanga, mchore akiwa na umri wa kaka yako wa leo. Makosa usiyafiche. Yale makaratasi ya rasimu unayotupa yakusanye uende nayo, yamechafuka hivyohivyo, kwa sababu mwigaji huwa na picha safi tu, hana njia aliyopitia. Bosi yeyote wa michoro anayeijua kazi yake hutazama rasimu kabla ya kutazama picha, na huyo mama anaonekana anaijua. Usimfanye adui. Hakukuita mwizi. Alisema anaogopa kesho asije akatokea mwenyewe, maana yake anataka kumlinda mwenye mali, na mwenye mali ni wewe. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kufanya naye kazi.

Kinyozi muache na wazo lake. Ukimwona mtu anadai mtoto asiye wake, ujue mtoto amependeza. Ila hili la kibao lisijirudie, na hapa nakukaripia kwa nguvu zangu zote: kwa nini hukuweka jina? Uliona haya? Fundi viatu hugonga alama yake kwenye soli, mahali ambapo hakuna atakayeiona, na wewe mlangoni hadharani ukaacha patupu. Kuanzia leo kila kinachotoka mkononi mwako kina jina lako pembeni, dogo, linalosomeka. Piga picha kila kazi kabla haijaondoka. Wakikupa mkataba, usiusaini ukiwa umesimama kwa furaha. Nenda nao nyumbani, usome kila mstari, mahali pasipoeleweka uliza, na hakikisha pameandikwa kwamba jina la mchoraji litachapwa ndani ya kila kitabu. Kama halimo, omba liingizwe. Kuomba hivyo si kiburi. Na hata kingekuwa kiburi, kwa kazi hii wewe umeruhusiwa kidogo.

Kuhusu kuiacha kazi, sikujibu. Nimelisoma swali hilo nikaona hata wewe hukuliamini ulipoliandika.

Alhamisi fika mapema, umevaa nguo ambayo huogopi kuichafua. Usianze kusimulia habari za mtaani, za kinyozi wala za kuzaliwa kwa mtu. Mwombe yule mama karatasi nyeupe za kwake, si zako, na nafasi kidogo mezani. Kaa. Chonga penseli. Muulize, "Unataka mtoto amtazame nani, na asimame wapi?"

Kisha funga mdomo, umchore.