Chura Anayeita Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, ila naomba kwanza ucheke umalize ndipo uanze kunijibu, maana mume wangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa sakafuni na hadi leo hajanipa jibu la maana.

Mimi ni msaidizi wa utafiti katika ofisi inayochunguza wanyama wa majini, na bosi wangu ni daktari, siyo wa watu, wa vyura, mtu mpole ambaye amewasikiliza vyura miaka ishirini na sita na sijawahi kumwona akimfokea mtu isipokuwa dereva wetu, na nitakueleza kwa nini. Kazi yetu mwaka huu ni kuhesabu vyura wa kinamasi kilicho nyuma ya mtaa ninaoishi, na hatuwahesabu kwa macho kwa sababu hawaonekani, tunatega vinasa sauti vinne kuzunguka kinamasi, vinarekodi kila alfajiri, halafu kompyuta inaichora kila sauti kama vilima na sisi tukitazama vilima tunajua huyu ni chura gani. Kutega vinasa nilipewa mimi. Cha kwanza na cha pili nilivitega vizuri, Mungu ni shahidi, na cha nne pia, lakini cha tatu kilitakiwa kufungwa kwenye mti ulioko ukingo wa mashariki, na huko matope yanafika magotini, na siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vipya, nikajiambia kinamasi si ni kile kile, na nyumba yetu imekipa mgongo, basi nikakifunga ukutani nyuma ya nyumba, chini ya kidirisha, na kwenye fomu nikaandika "ukingo wa mashariki, kwenye mti".

Kidirisha hicho ni cha bafu.

Wiki mbili hazijapita bosi akaniita akiwa ananong'ona, "Dada, njoo usikie, njoo taratibu," kana kwamba chura yumo ndani ya kompyuta na atakimbia. Ilikuwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, vilima vitatu virefu vinavyotetemeka, kimya kidogo, halafu "chubwi!" Bosi akasema huyu anaita mara tatu kisha anajirusha majini, na anaita saa kumi na mbili kasorobo kila siku iendayo kwa Mungu, hakosi, akasema amefanya kazi na vyura wengi lakini hajawahi kukutana na chura anayeheshimu muda kiasi hiki. Kwenye kikao akaipiga sauti hiyo mbele ya mkurugenzi, watu sita tumefumba macho tunatikisa vichwa, na dereva wetu aliyekuja kuchukua ufunguo wa gari akasimama mlangoni akasema, "Mbona huyo kama mtu anasukutua?" Bosi akamfokea, "Wewe endesha gari!" Nami nilicheka pamoja na wenzangu, mshauri, nilicheka kwa moyo mmoja, maana wakati huo sikuwa najua lolote.

Mwezi wa pili sauti ikapotea siku kumi na nne, bosi akaandika kwamba chura huyu huhama kufuata unyevu. Mwezi wa tatu sauti ikarudi na kitu kama mluzi ndani yake, akaandika kwamba dume sasa ameingia utu uzima. Vyura wetu wa siku zote, wale wadogo wanaolia kama mlango usiotiwa mafuta, wamepungua sana kwenye vinasa vyote vinne tangu mwezi huo, lakini bosi amesema hao tutawaangalia baadaye, kwa sasa tusipotoshwe. Mwezi wa nne, asubuhi moja, baada ya vilima vitatu vikafuata vingine vitatu, vyembamba, vya juu. Bosi alivua miwani akafuta macho. Akaniambia, "Jike amejibu."

Jumamosi iliyofuata, alfajiri, nilikuwa jikoni kwetu nachemsha chai huku nimevaa hedifoni nasikiliza rekodi za wiki, chura akaita, nikavua hedifoni nimwite mume wangu aje amsikie walau mara moja, na sauti ikaendelea. Hedifoni iko mezani, mshauri, na chura bado anaita. Nikaifuata sauti hadi koridoni, mlango wa bafu ukafunguka, akatoka baba mkwe, taulo begani, kikombe cha maji ya chumvi mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mbona umesimama hivyo, kuna foleni?"

Hapo kila kitu kikanijia kwa mkupuo. Baba mkwe alikuwa mtunza muda kiwandani mpaka alipostaafu, na anasukutua koo kila alfajiri saa kumi na mbili kasorobo, mara tatu, kisha anatema. Zile siku kumi na nne alikwenda kumtembelea wifi yangu. Mluzi ni jino la mbele lililong'oka. Na jike ni mama mkwe, alikuwa na mafua.

Ningesema siku ile ile, lakini naanzaje? Nimwambie mtu mwenye shahada tatu kwamba chura wake anapokea pensheni? Na nyumbani ndiyo balaa zaidi, baba mkwe huyu mimi hata kumtazama usoni muda mrefu naona aibu, leo nimwambie nimemrekodi akiwa bafuni miezi mitano, na kwamba kwenye ripoti ya ofisi imeandikwa, ukurasa wa tisa, kwamba yeye na mama wanaitana kwa ajili ya kuzaliana? Mume wangu anasema, "Mimi simo. Na baba usimwambie, tukimwambia hatasukutua tena kwa raha." Bosi naye amekwenda kukaa kwenye matope ya mashariki alfajiri tatu mfululizo na wavu, akasikia sauti kwa mbali upande wa nyumba, akaandika kwamba chura ana haya, na amerudi amepigwa na baridi, koo limevimba, sauti imekauka, na nilikuwa karibu kumwambia asukutue maji ya chumvi nikajiuma ulimi, nikaogopa atajisikia mwenyewe.

Alhamisi ijayo anasafiri kwenda kwenye mkutano wa wataalamu wa vyura, watu mia tatu, aipige sauti hiyo kwenye spika kubwa. Akifanya hivyo miaka yake ishirini na sita itakwisha kwa kicheko, na mimi ndiye sababu. Halafu nilisahau kukwambia, bosi amependekeza chura huyo aitwe kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyetega kinasa.

Nishauri, nimechanganyikiwa.

Ni mimi, Mkaza Mwana Mwenye Kinasa

JIBU

Mkaza mwana, nimecheka, nimemaliza. Mhariri wangu bado anacheka lakini yeye hajibu barua.

Pole. Kumpenda bosi, kumheshimu baba mkwe, na kuwaona wote wawili wamekutana kwenye kipande kimoja cha sauti si jambo dogo. Moyo wako mzuri, nimeuona. Sasa pole imekwisha, kaa vizuri tuzungumze.

Wewe unadhani una tatizo la chura. Huna. Una tatizo la fomu. Vyura hukosewa, hata wataalamu hukosea, ndiyo maana wanafanya mikutano. Lakini mwenzangu, uliandika "kwenye mti" ilhali kinasa kiko ukutani kwenu, na ukaandika hivyo kwa ajili ya viatu! Ungeandika "nyuma ya bafu", bosi wako angekwisha kumjua chura huyo tangu wiki ya kwanza. Mtu amekaa kwenye matope alfajiri tatu, na umri wake huo, anamngoja mzee wenu kwa wavu. Viatu vyenyewe sasa viko wapi? Nadhani vimeshachakaa.

Na hilo la jina. Unasema ulisahau kuniambia. Hukusahau, mama. Umelisogeza mwisho kabisa, baada ya mkutano, baada ya watu mia tatu, ukalitia kimyakimya kama mtu anayeongeza sukari ya tatu. Umependa, na sikulaumu. Mimi nimejibu barua kwenye gazeti hili miaka kumi na minane na hakuna aliyewahi kumpa hata mjusi jina langu. Lakini jiulize, ni jina lako hilo litakalobandikwa kwenye koo la baba mkwe. Siku watu wakijua, utajibu vipi ukiulizwa chura wako hajambo?

Kuna mahali kwenye barua yako niliacha kucheka. Umesema vyura wadogo wamepungua kwenye vinasa vyote vinne tangu mwezi wa tatu. Vyote vinne. Siyo cha ukutani peke yake. Ofisi nzima imefumba macho inamsikiliza mzee akisafisha koo, na wale mliotumwa kuwahesabu wananyamaza mmoja mmoja, mnasema mtawaangalia baadaye. Mimi sijui chochote kuhusu vinamasi. Lakini naujua ukimya wa mtoto anayecheza chumba cha pili, na akinyamaza ghafla namna ile mama haendelei kukoroga chungu. Labda ni maji yamechafuka, labda ni ugonjwa, labda ni msimu tu. Hiyo ndiyo kazi yenu, na ndicho kitu ambacho bosi wako anaweza kwenda nacho kwenye mkutano Alhamisi bila kuchekwa na mtu yeyote.

Mume wako anasema hayumo. Yumo, tena yumo mpaka shingoni, ni baba yake. Huko ukweni wewe usifungue mdomo, mwenye baba ndiye atakayesema. Akae naye barazani mchana kweupe, amweleze yote tangu mwanzo, na amwombe radhi kwa niaba yako, kisha wewe uende ukamwamkie ukamwombe radhi kwa mdomo wako, kwa ufupi. Rekodi ni za mzee. Akitaka zifutwe, zifutwe mbele yake. Akitaka kuzisikiliza, mwekeeni azisikilize, na msishangae akiwaita majirani, maana wazee mnawaogopea mambo ambayo wao wanayafurahia. Ukurasa wa tisa lakini utoeni kabla hajauona mama mkwe. Hapo sitanii.

Kinasa kiondoe ukutani leo hii. Vaa ndala, au pekupeku, au azima mabuti, ingia matopeni ukakifunge kwenye mti wake. Fomu iandike upya, tarehe ya leo, na ile ya zamani usiichane, ipige mstari mmoja ili isomeke. Dereva mtafute umwombe msamaha, siyo kwa kuzungukazunguka. Katika ofisi yenu watu sita walifumba macho, yeye peke yake aliyefungua masikio, na malipo yake yakawa kufokewa na kuchekwa, na wewe ukiwamo. Mkifanya kikao kingine, apewe kiti.

Sasa bosi. Unamwogopa kwa sababu ni mpole, najua, mkali angekuwa rahisi zaidi, ungepokea makaripio ukaenda zako. Na huenda akakukasirikia kweli, huenda akakuondoa kwenye kazi hii. Sikufichi. Lakini kukuondoa ni aibu ya watu wawili ndani ya chumba kimoja, na ile ya Alhamisi ina spika kubwa. Umemwacha na koo limevimba na dawa unaijua, unamficha chumvi! Hapo ndipo nilipokukasirikia kuliko kwenye fomu yote.

Kesho asubuhi fika ofisini kabla ya wengine. Beba chupa ya maji ya moto, kikombe, chumvi na kinasa cha akiba. Beba na ile michoro ya vyura wadogo, miezi yote mitano, uiweke chini ya mkono, zamu yake itafika. Ingia, funga mlango. Atakuuliza umeleta nini. Usianze na matope, usianze na viatu, usiniandikie mimi barua nyingine kichwani huku yeye anangoja. Mwambie, "Daktari, chura ni baba mkwe wangu." Ni maneno sita. Halafu usiongeze la saba. Mpe kikombe, mwambie asukutue mara tatu, na uwashe kinasa.