Mto wa Kijijini kwa Kina Yuli

Falls Church, Virginia

Dada yangu Agnes,

Kwa heshima na taadhima, mimi mdogo wako Elias, nikiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba, nautangazia ukoo mzima, kuanzia Muheza hadi wale wa Korogwe wasiopokea simu, kwamba ule wekundu mliouona kinywani mwangu kwenye picha si damu. Sikupigwa. Sijang'olewa meno. Wala sina ugonjwa wa mapafu, kama alivyotangaza shangazi kwenye kikundi cha ukoo kabla hata hajaikuza picha akaiona vizuri. Ni tambuu. Nimesugua meno mpaka fizi zinalia, na bado binti yangu Neema, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila hunijibu kwa Kiingereza chake, ananiambia ninafanana na mnyonya damu aliyestaafu.

Haya, tangazo limekwisha. Wewe hujambo? Goti la Mama je? Ile dawa ya kuchua anaitumia, au ameshaigawa kwa majirani kama ile ya kwanza? Sisi tumerudi na tumeikuta baridi imetungoja mlangoni. Mke wangu Yuli amerudi kwenye kazi yake ya kutunza wazee kule Hyattsville, mimi nimerudi kwenye kompyuta za watu na foleni ya barabara ya Beltway. Nimeona niandike kwa karatasi, nimpe mama mmoja wa kanisani anayekuja Tanga, kwa kuwa kile kikundi chetu kina masikio mengi. Binti yako Happy awasomee kwa sauti, ila asiwe anaruka maneno kama mama yake alivyokuwa akifanya shuleni.

Mliniuliza kijijini kwa wakwe zangu kukoje. Ni kisiwa cha Sumba, Indonesia. Ukishashuka ndege zote, unapanda lori lenye mabenchi, na lori linakwenda mpaka mtoni, basi, barabara imeishia hapo. Daraja hakuna. Unavua viatu, unavuka, halafu unapanda kilima kwa miguu mpaka kijijini. Nyumba zimesimama juu ya nguzo, paa za nyasi zimechongoka kwenda juu. Nguruwe na farasi wanalala chini, nyinyi mnalala juu yao, na usiku nguruwe akijikuna kwenye nguzo, nyumba nzima inajua. Makaburi ni mawe makubwa mbele ya nyumba, na juu yake watu wanaanika mahindi. Simu inashika mahali pamoja tu, juu ya kaburi la marehemu baba mkwe. Kila nikitaka kupiga simu nilikuwa nampigia hodi kwanza.

Chakula ungekijua: mahindi, mihogo, majani ya maboga. Maji wanayachota bondeni, kina mama na mabinti, madumu kichwani na mengine mkononi. Nilijitia kusaidia siku moja, nikafika juu na nusu dumu na hakuna pumzi. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Zahanati ipo, ina mlango mzuri na kufuli zuri. Mkunga huja barabara ikikauka, na sisi tulikwenda wakati wa mvua.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mdogo wake Yuli, Marta, alikuwa na mimba ya kwanza, miezi imetimia. Uchungu ulimwanza jioni. Asubuhi ikafika mtoto hajashuka, na Marta hana tena nguvu ya kulia, anauma tu kitambaa. Mama mkwe alimpapasa tumbo, akatoka nje, akamwambia Yuli kwa sauti ndogo, "Mtoto amekaa vibaya. Apelekwe mjini, sasa hivi." Yuli akanitafsiria, maana Kiindonesia changu ni cha kuombea chumvi.

Domi, kaka yao, alikata mwanzi akafunga shuka, ikawa machela. Wabebaji wakatakiwa watoke nyumba za mzee Lede, baba yao mdogo, yule mwenye vijana wenye mabega. Mzee akaja na vijana wake, akaketi barazani, na mbele yangu, kwa kuwa mimi ndiye mkwe, pakawekwa kikapu: popoo, tambuu na chokaa. Dada, si tumekulia karibu na Bi Mwanaisha na kijaluba chake? Nilikijua kitu kile. Lakini mbingu zilikuwa nyeusi kule milimani mto unakotoka, na ndani Marta anaguna kama mtu anayesukuma gari. Nikakisogeza kikapu pembeni kwa mkono, nikasema, "Asante, asante, tutatafuna tukirudi. Twendeni!"

Vijana wakauweka mwanzi chini. Mzee Lede akainuka, akatikisa kitambaa chake, akashuka ngazi akaenda zake, na vijana nyuma yake.

"Umefanya nini?" Yuli akaniuliza.

"Nimesema asante."

"Umekisukuma kikapu. Umewaambia msaada wao huutaki."

"Yuli, mdogo wako anakufa!"

"Na wewe umewafukuza wanaombeba!"

Ikabidi nimfuate mzee kwake, kilima kingine, katika tope. Nikaketi. Kikapu kikaletwa upya. Nikatafuna, nikatema, nikatafuna tena, na mzee naye hana haraka, ananiuliza habari za ng'ombe wa Amerika. Mpwa mmoja akanipiga ile picha mliyoiona. Mnaniona nimekenua meno mekundu. Sikuwa nacheka, nilikuwa nahesabu radi. Wakakubali, tukarudi mbio, tukamchukua Marta. Tulipofika mtoni, maji ambayo tulipokuja yalinifika magotini yalikuwa kifuani mwa Domi, na rangi yake kama chai ya maziwa.

Happy, hapa koma kusoma. Mpe mama yako barua.

Nisalimie Mama, mlinzi wa goti. Nisalimie shemeji na mashine yake ya kusaga. Shangazi, daktari wetu wa picha, mwambie mapafu yanamshukuru. Mjomba wa Korogwe, kama atapokea simu. Wadogo wote nawabusu.

Sasa Dada, nenda nayo jikoni, usome mwenyewe.

Yuli amewasimulia kwamba katikati ya maji nilishikilia machela Marta asichukuliwe, na kwamba mwishowe nilijiachia mwenyewe ili kuwapunguzia wenzangu mzigo. Ndivyo walivyoona waliokuwa ng'ambo ya mto, kwenye mvua ile. Kule Hyattsville tunakosali nimeombwa nisimame kanisani nitoe ushuhuda. Watu wananipa mkono kwenye maegesho.

Haikuwa hivyo. Wanne walibeba mwanzi begani, mimi nilikuwa ubavuni, nimzuie asiyumbe. Katikati jiwe likateleza chini ya mguu wangu. Mimi nilishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mkono wa Marta. Machela ikalala upande wangu, maji yakaingia ndani ya shuka mpaka shingoni mwake. Akaita, "Kaka Elias! Kaka!" Nilimsikia, Dada. Nilimsikia na sikuachia. Nilimvuta zaidi. Domi akanipiga ngumi vidoleni, mara moja, mara mbili, ndipo mkono ukafunguka, na maji yakanibeba mpaka kwenye mizizi ya mti uliokuwa umelala ukingoni. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Wangegeuka, wangempoteza.

Walivuka. Lori likamfikisha mjini, akapasuliwa, na mtoto wa kike akatoka amenyamaza, wakamsugua mgongo mpaka akalia. Wote wawili wazima. Ila daktari alimwambia Yuli kwamba wangechelewa kidogo tu, mmoja asingekuwepo, na mimi najua ile asubuhi niliila kwa kikapu.

Jumamosi, tukitoka Hyattsville, Yuli akiendesha, nikamwambia yote. Nilitazama mbele, sikumtazama yeye. Akapunguza mwendo, magari yakatupita, kisha akasema:

"Nilimwogesha Marta hospitalini, Elias. Ana alama za kucha zako kutoka hapa mpaka hapa." Akaonyesha kwenye mkono wake mwenyewe, kiwikoni hadi kifundoni, huku usukani ameushika kwa ule mwingine. "Ulidhani nilidhani ni za nani?"

"Sasa mbona umewasimulia watu vile?"

"Kwa sababu Marta ndiye aliyeniomba niseme hivyo, usije ukaaibika."

Jumapili sitasimama kanisani.

Mdogo wako,
Elias