Jenereta, Noa, na ile nusu saa ya Itungi

Jumatano, mwezi wa tano. Mvua ya Kyela haijasikia kwamba masika yanaisha. Imepiga tangu alfajiri, umeme umekatika tangu jana, na kokoa niliyoianua imelala kwenye mkeka chumbani inanuka kama pombe iliyochacha. Simu imebaki asilimia thelathini na moja. Nitaandika mpaka izime.

Mwezi wa pili msomaji mmoja aliniuliza swali, sikumjibu. Mtu akitaka umeme wa dharura nyumbani, anunue jenereta au afunge inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, kwenye gari? Aliniita mtaalamu. Mtaalamu wa darasa la nne! Lakini injini nimezishika miaka mingi pale Itungi, enzi meli zikilala bandarini, na kuna wenye vyeti waliokuja kuniuliza kwa siri kwa nini yao haiwaki.

Nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Leo namjibu.

Jambo hili nililiwaza mara ya kwanza Matema, miaka michache nyuma, nilipomkuta mzungu mzee kapiga kambi na mkewe ufukweni. Gari lao ni nyumba nzima: kitanda, jiko, hadi choo wanatembea nacho kama konokono. Tumboni mwa gari kuna jenereta linalokunywa mafuta kwenye tangi lilelile la gari. Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha melini ambacho kina majina ya spana na matusi tu, mbona limezimwa. Akanieleza kwamba analiwasha saa chache kulisha betri, kisha analizima, betri zinabeba zilizobaki. Mkewe hapendi kelele.

Nilimcheka mpaka nikapaliwa. Mtu ananunua jenereta, halafu ananunua betri ili asisikie jenereta.

Nilikuwa sijauguza mtu.

Mwaka jana mapafu ya mke wangu, Mama Lusajo, yalichoka. Miaka arobaini ya moshi wa kuni, nami ndiye niliyekuwa nikisema nyama ya jiko la gesi haina ladha. Hospitali walikaa naye wiki tatu, wakamrudisha nyumbani hapa Njisi na mashine ya oksijeni ya kuazima. Ni kijisanduku chenye magurudumu kinachovuta hewa ya chumbani na kumpa iliyochujwa kwa mpira wa puani. Daktari alituambia taratibu kwamba tusipige mahesabu ya mbali. Mashine yenyewe haina shida, inachotaka ni umeme. Na umeme wa huku mnaujua, mvua ikipiga chafya na wenyewe unalala.

Nikaleta jenereta. Msomaji wangu, jenereta lina nguvu, nisilisingizie. Linawasha mashine, friji, pasi, na bado linauliza kuna kingine? Lakini huwezi kuliweka ndani wala karibu na dirisha, moshi wake unaua mzima, sembuse mwenye mapafu kama yale. Nililifunga nyuma ya jiko, nikavuta waya mrefu. Likinguruma, bati zinaitikia. Mama Lusajo alivumilia siku mbili. Ya tatu akaniita, akaniambia kwa sauti yake iliyobaki kama ya karatasi kwamba akifa, nimwandike kafa kwa kelele, mapafu yasisingiziwe.

Basi nikafunga inveta kwenye Noa, gari letu. Waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi yake, nikapitisha mwingine dirishani hadi kitandani. Kwa mafuta, niliyapima kwa chupa, gari likiunguruma taratibu pale uani na jenereta havipishani sana. Kwa nguvu, gari halioni ndani: mashine, taa moja, simu, basi. Lakini gari lina utulivu. Na ukitaka unazima kabisa injini, betri inabeba kidogo, chumba kinanyamaza, mtu anamsikia mtu. Mama Lusajo alifumba macho akasema, ndaga. Kwetu ni asante. Kwa ndoa yetu hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa kuna jambo la Noa ambalo lazima nilieleze, hasa kwa msiokuwa wa huku.

Noa ilikuwa yangu, lakini macho yangu yameingia ukungu, nikampa mwanangu Lusajo. Lusajo yuko Mbeya kikazi, gari akamwachia mkewe, Atupele, binti wa Ipinda anayefanya biashara ya mchele. Anaendesha vizuri kuliko mumewe, hilo msimwambie. Na kwetu Wanyakyusa wa umri wangu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawapandi gari moja, hawataji majina. Vijana wengi wameacha. Mimi nimeacha mengi, kanisani naenda kwa ajili ya kwaya tu na mchungaji anajua, lakini hili sikuliacha. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mama yangu alilishika kwa baba yake mkwe mpaka anamzika.

Kwa hiyo umeme ukikatika Atupele huja na gari, hupiga honi mbili kabla ya kuingia uani. Mimi nachepuka nyuma ya ghala la mpunga na kigoda changu. Nikitaka kumwelekeza mambo ya inveta, nasimama upande wa pili wa ukuta, napaza sauti: Mama Lusajo, mwambie huyo mtu asiwashe inveta kabla ya injini. Huyo mtu yuko hatua nne, anasikia kila neno. Lakini anasubiri Mama Lusajo arudie, naye anarudia huku akikatwa pumzi, kisha anaongeza utani wake juu yangu bila malipo.

Siku moja nilisema hivi hivi ukutani: mwambie akizima injini, betri inabeba nusu saa.

Nusu saa. Nilikuwa najisifu. Betri mpya inabeba nusu saa na zaidi. Ile ilikuwa na miaka minne, na nilijua. Mtu ukisimama na mwenzako mbele ya boneti iliyo wazi, unamwonyesha, angalia hapa, betri hii imechoka, ipunguzie. Ukutani husemi hayo. Ukutani unatangaza tu.

Mwezi wa pili, siku mvua ilipotulia, Mama Lusajo aliamka akasema anakwenda Itungi kumwona dada yake Sekela. Sekela hatembei tena, na masikio yake ni ya kupigia kelele. Walikuwa hawajaonana tangu ugonjwa uanze. Nikasema tungoje Lusajo aje Jumamosi aendeshe. Akasema Jumamosi ni ya Mungu, yeye anataka leo.

Hapo ndipo jenereta liliposhindwa, msomaji wangu. Lina nguvu zote zile, lakini ni la kukaa. Umeme wa gari unakwenda na mgonjwa anakotaka kwenda. Ulinganisho wote ningeweza kuuandika kwa sentensi hiyo moja.

Atupele alimpakia mama mkwe wake, akamlaza kiti cha nyuma, mashine chini miguuni. Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Mama Lusajo aliniita kutoka garini, nami niko nyuma ya ghala.

"Baba Lusajo, njoo upande. Mchungaji ulimkatiza mahubiri ukamwambia watu wana njaa, leo unamwogopa mtoto wa watu?"

Nikamjibu kutoka huko nilikojificha kwamba amsalimie Sekela, na arudi na samaki.

Hayo ndiyo niliyomwambia mke wangu mwisho. Samaki.

Saa saba mchana Lusajo alinipigia kutoka Mbeya. Alisema mama amepumzika, kwa Sekela, mkononi mwa dada yake. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Jenereta lilikuwa limezimwa, hakukuwa na mtu wa kumwashia.

Tulimzika. Watu walikuja wengi, walilia, walikula, walirudi kwao. Tangu hapo nimekuwa na swali moja. Usiulize kwa nini mtu aliyeambiwa na daktari asipige mahesabu ya mbali bado anataka kujua. Nilitaka kujua kama ile betri ilimwacha. Na aliyekuwepo, mwenye masikio na macho, ni mtu mmoja tu, ambaye sitakiwi kumtazama.

Nilimtuma Lusajo. Jibu likarudi: Atupele anasema mama aliondoka vizuri. Hilo ni jibu la kwenye kadi. Nikamtuma tena. Jibu lilelile. Na yeye alianza kuja mara chache. Honi zake mbili zikawa fupi, anashusha mchele, anaondoka kabla sijakaa sawasawa nyuma ya ghala.

Jana amekuja kuichukua mashine. Hospitali wanaihitaji, kuna mgonjwa mwingine. Honi mbili. Nikainuka na kigoda changu kama kawaida, nikafika pembe ya ghala, nikakiweka kigoda chini. Nilisikia akiiburuta mashine ukumbini, magurudumu yake yale. Nikarudi uani, nikafungua mlango wa nyuma wa Noa, nikaingia nikakaa pale alipolazwa.

Alipotoka akaniona, akageuka mara moja akatazama mgomba. Mashine kaishika mkono mmoja. Mvua ilikuwa inaanza.

Nikamwambia, "Mwanangu, njoo ukae hapo mbele, kwenye usukani. Usigeuke. Mimi nitatazama huku dirishani. Niambie tu, ulizima injini?"

Aliipakia mashine kwanza. Kisha akaja, akakaa, akaufunga mlango. Nikaona kisogo chake, kilemba cha kitenge, mabega.

"Nilizima, baba. Mama aliniambia nizime. Mama mkubwa alikuwa hamsikii, gari linanguruma."

Akanieleza yaliyobaki, polepole, kama anayesoma. Walikuwa wamelisogeza gari mpaka kibarazani, Sekela kakalishwa mlangoni mwa gari. Injini ilipozimwa wakaanza kusikizana. Walicheka. Mama Lusajo alikuwa anamwigiza mumewe anavyokimbia na kigoda kwenda nyuma ya ghala, anaigiza kwa mkono mmoja maana hana pumzi, na Sekela anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Atupele alisimama pembeni akitazama saa ya simu. Aliambiwa nusu saa.

Inveta ililia dakika ya kumi na mbili. Akakimbilia usukani. Gari likakohoa, likakataa. Mara ya pili likakataa. Mashine ikazima. Mara ya tatu likawaka, mashine ikarudi, taa yake ya kijani ikarudi. Dakika mbili, labda tatu, hajui, hakuitazama tena saa. Mama Lusajo alikuwa bado anapumua, bado kamshika dada yake mkono. Lakini hakusema tena. Ilipita kama robo saa, mashine inafanya kazi vizuri kabisa, ndipo wakaona.

Hapo akamaliza. Mimi natazama dirishani, sioni kitu, ukungu wa macho na wa kioo umekuwa mmoja.

Kisha akasema, "Miaka tisa hujanitazama, baba, nami nilijua ni heshima. Tangu msiba nikawa sijui tena. Nikadhani umejua nilichofanya."

Nimeishi miaka sabini na mitatu nikiwajibu watu haraka. Nimemjibu mchungaji, nimemjibu nahodha, nimemjibu mkuu wa wilaya mkutanoni watu wakapiga makofi. Jana, kwenye lile gari, haraka hiyo niliiacha.

Mwishowe nilimwambia ukweli wa fundi. Kwamba betri ilikuwa ya miaka minne. Kwamba nilijua, na nusu saa ilikuwa sifa tu za mzee ukutani. Kwamba kama kuna dakika tatu za mtu, ni zangu, asizibebe. Na kwamba hata hizo tatu sijui kama ndizo, daktari mwenyewe asingejua.

Alilia bila sauti. Niliona mabega tu.

Simu imebaki asilimia sita.

Mashine haijapelekwa. Jana mvua ilizidi, barabara ya huku chini ikajaa maji, akarudi kwake Ipinda ikiwa bado garini. Anapita kesho asubuhi, maana nimesema nitakwenda naye kuikabidhi. Nimesema kwake mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila ukuta.

Nitakaa kiti cha mbele. Ni mwendo mrefu kwa watu wawili ambao hawajawahi kusalimiana. Mama Lusajo angekuwepo angeongea yeye, sisi tungesikiliza. Sasa ni mimi na binti huyu, ambaye kwa miaka tisa sijaijua sura yake vizuri. Nitaanza na nini?