Pengo kwenye Tundu la Tisa

Tororo. Jumatatu, 4 Machi 1957

Nimekata kadi sitini na tatu. Kidole gumba kimevimba. Koleo ya kukatia tiketi, ambayo meneja wetu, Bwana Denby, aliinunua kwa mtu wa reli, imekuwa butu, na vibarua wa kiwanda cha pamba wana mambo mengi. Dini. Kazi. Wilaya. Kasoma, hajasoma. Kaoa, hajaoa. Kila jambo lina tundu lake ukingoni mwa kadi. Jibu likiwa ndiyo, nalifungua tundu mpaka nje, liwe pengo kama la jino.

Halafu kadi zote zinatungwa kwenye spoki ya baiskeli kwa tundu moja tu, lile unalolitaka. Fundi Owor anazungusha mkono wa mashine, sanduku lenye kadi linatikisika. Yenye tundu zima inabaki ikining'inia. Yenye pengo inadondoka kwenye trei. Zamani kumtafuta seremala anayejua kusoma ilikuwa kazi ya siku mbili, madaftari na vumbi. Siku hizi hata chai haijapoa.

Nimeibuni mimi. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kuniambia najisifu.

Jumatano, 6 Machi

Wageni watatu kutoka Kampala, suruali zimenyooshwa kama kadi zangu. Bwana Denby akaniambia niwaeleze mwenyewe nilivyoipata. Nikawaeleza mishikaki. Nilikuwa nimesimama kwa muuza nyama pale stesheni, nikaona kipande kilichochanika kikidondoka motoni na vizima vikibaki kwenye spoki. Nikaenda nyumbani bila kula. Wakacheka sana. Mmoja aliandika.

Owor alizungusha mkono vizuri. Ni fundi wetu, Mpadhola wa hapa Tororo mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na sanduku lenyewe, lililokuwa la chai, ni kazi yake. Vibarua wanaliita Mzee Spoki. Wanalisalimia wakipita dirishani. Nimefurahi leo. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi hivi.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Denby anataka kupeleka michoro Uingereza isajiliwe, mtu mwingine asije akasema mashine ni yake. Nilidhani ataandika jina lake tu. Kumbe anataka yawe mawili. Denby na Swaleh. Nilitoka msikitini nikawa nayasema kimoyomoyo njia nzima. Swaleh na Denby inasikika vizuri zaidi.

Mama hakuelewa. Aliuliza kama huko Uingereza hawana mishikaki.

Jumanne, 12 Machi

Amri ya kampuni imekuja. Nyumba za kampuni na kazi za kudumu ni za waliozaliwa Uganda peke yao. Waliozaliwa Kenya watoke kabla mwezi haujaisha, na kadi zichambuliwe upya kila miezi mitatu. Bwana Denby hakuipenda, nilimwona usoni, lakini hakuipenda akiwa amekaa kitini, na baadaye akainuka akaitekeleza.

Akasema, bahati njema tuna mashine yako, Swaleh. Tundu la tisa, Kenya. Siku moja tunamaliza.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Tundu la nane umeandika Busia. Busia ipi?

Kwetu Busia ni Busia, ingawa mpaka wa Uganda na Kenya umepita katikati yake. Ukisema unakwenda Busia hakuna anayekuuliza upande gani. Niliweka tundu moja kwa sababu jina ni moja. Ameniagiza niwaite watu wote wa Busia, mmoja mmoja, niwaulize. Wa ng'ambo niwakate na la tisa pia.

Sijalala mchana wala sijala. Maana mimi nimezaliwa Busia. Na si hii ya huku.

Jumatano, 13 Machi

Niandike wazi, labda kitatulia kifua.

Baba alikuwa dereva wa lori. Mimba yangu ilipofika wakati wake, Mama alivuka kwenda kwa mama yake, kama wafanyavyo wanawake wote. Hatua mia mbili kutoka barabara ya mpakani. Alikaa siku arobaini akarudi nami mgongoni. Hizo siku arobaini ndizo Kenya yangu yote.

Lakini kadi yangu ndiyo kadi ya kwanza niliyoikata, ile ya kujaribia. Na nilikata kweli tupu. La nane pengo, la tisa pengo. Kweli ilikuwa haina gharama siku ile. Siwezi kukata nyingine, maana kila kadi ina namba na sahihi ya Bwana Denby kwa wino wa kijani.

Tukitolewa, Mama atakwenda wapi? Macho yake yamebaki ya kuonea mwanga tu. Nyumba hii anaijua kwa vidole. Bibi alishakufa, na kiwanja chake kimekuwa duka la mtu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimewauliza kumi na wanane. Mpagazi mmoja aliniambia, "Karani, mimi nazaliwa nyumba ya shangazi. Mlango iko huku, jiko iko huko. Sasa mama yangu nazaa mimi mlangoni ao jikoni, mimi najua?" Nikaandika mlangoni. Tukacheka wote wawili, yeye zaidi yangu.

Wote nimewaandika wa huku. Hata waliosita. Nikiona mtu anasita namsaidia kwa kijiji cha huku: Dabani, eh? Lunyo, eh? Naye anakamata haraka. Tundu la tisa nimeliacha zima kwao wote. Wakati wa madaftari jicho langu lilijua kuruka jina likitaka. Mzee Spoki haruki. Basi nimeruka mimi mapema.

Nimetoka kazini najiona mtu mwema. Nilikuwa nawasaidia wao ili nisijione peke yangu kwenye uongo. Hiyo ndiyo sababu, na naijua.

Jumamosi, 16 Machi

Leo amekuja Mama Nafula. Anafagia shedi ya pamba tangu kabla sijaajiriwa. Akikuta nimechelewa ananiita bwana harusi. Mama yangu akiugua yeye ndiye anayeleta uji, anauacha mlangoni na kupiga hodi akiwa tayari amekwisha ondoka.

Nikamwuliza, Lunyo, eh? Akasema hapana. Nikamwuliza tena, polepole, huku nikimtazama. Alielewa. Si mjinga hata kidogo.

"Andika ngambo," akasema. "Mama yangu nalala kule kaburini. Nitakana yeye namna gani?"

Nikamwambia ni karatasi tu. Akasema kama ni karatasi tu, basi niandike kweli. Aliketi pale mpaka nikakata. Alisikiliza mlio wa koleo, akashukuru, akaenda kufagia.

Nimekasirika naye kutwa. Kwa nini hakunisaidia nimsaidie?

Jumatatu, 18 Machi

Fomu ya Uingereza imefika. Ndefu, karatasi nzito. Jina kamili la mbunifu. Mahali alipozaliwa. Cheti kiambatishwe.

Cheti changu kipo. Ni cha chanjo, cha zahanati ya ng'ambo, kinataja nilipozaliwa, nilikileta mwenyewe nilipoajiriwa, nikijivuna kuwa na cheti. Kimo kwenye faili langu kabatini. Hakuna anayefungua mafaili, ndiyo maana nikabuni mashine. Sasa Bwana Denby anasema atalitoa faili wiki hii akibandike kwenye fomu.

Nikitaka jina langu, nyumba inakwenda. Nikitaka nyumba, jina linakwenda. Nimezunguka uwanja wa kiwanda mara nne kama ng'ombe wa kukamulia ufuta. Huku Mwamba wa Tororo, huku reli. Sikuona pa kutokea.

Alhamisi, 21 Machi

Nimefanya. Saa ya chakula, ofisi tupu. Stempu huja kwa karatasi nzima, na pembeni kuna ukingo mweupe wenye gundi. Nikakata kipande chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, nikakilamba, nikaliziba pengo la tisa kwenye kadi yangu. Nikalipiga pasi kwa kucha. Ukiitazama kwa mbele huoni kitu. Ukiipitishia kidole, utajua.

Nina miaka thelathini na moja na nimelamba karatasi kama mtoto anayeiba sukari.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemwambia Bwana Denby aandike jina lake peke yake. Nimesema mimi nilitoa wazo tu, mashine ni ya kwake na ya Owor. Akasema sikujua wewe ni mnyenyekevu namna hii. Nikasema asante, bwana.

Faili limebaki kabatini.

Owor alikuwa anatia mafuta kwenye mkono wa mashine. Alingoja bwana atoke. Kisha: "Uongo gani hiyo, Swaleh? Jina yako umemupa yeye bure?" Nikamwambia ashughulike na mafuta yake. Si haki, kwa kuwa ni mtu pekee aliyekasirika kwa ajili yangu.

Nilijificha chooni nikalia. Basi, nimeandika.

Jumapili, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Masika yamewahi. Kila kitu ofisini kinashika unyevu, bahasha zinajifunga zenyewe. Nawaza gundi ya stempu tu. Mama kaniuliza mara mbili kwa nini sijibu ninapoitwa. Nikasema mvua inapiga kelele juu ya mabati.

Jumanne, 26 Machi

Siku yenyewe.

Tulichambua kwa mafungu, spoki kwenye tundu la tisa. Bwana Denby amesimama na orodha. Nilijua kadi yangu iko fungu la nne. Mafungu matatu ya kwanza walidondoka wa Kisumu na wa Kakamega, kila mtu alijua watadondoka, wenyewe walishaanza kufunga mizigo.

Fungu la nne ni la Busia. Owor akashika mkono. Sanduku likatikisika na nikahesabu mizunguko, ingawa sijui kwa nini nilihesabu. Kwenye wa saba nikasikia mdondoko mmoja. Laini kabisa. Nilifumba macho.

Nikafumbua. Yangu ilikuwa inaning'inia, imeinama upande mmoja, imeshikwa na karatasi ya stempu. Kwenye trei kulikuwa na kadi moja. Nafula.

Bwana Denby akashangaa, mmoja tu kutoka Busia yote? Akanipiga begani. Akasema unaona, mashine haimwonei mtu.

Nilifurahi. Ndilo lililonijia kwanza, furaha, tumboni, ya moto. Naliandika nisije siku moja nikajidanganya kuwa nilimwonea huruma kwanza. Huruma ilikuja baadaye, nilipoiokota ile kadi na kuona mapengo yake nimeyakata vizuri sana.

Alhamisi, 28 Machi

Mama Nafula ameondoka. Sufuria mbili, mkeka, ufagio wake mwenyewe. Alipita dirishani akamsalimia Mzee Spoki kama kawaida yake. Mimi alinitazama, akasema, "Bwana harusi, salimu mama yako." Nilikuwa na maneno tayari. Nilisema safari njema.

Amekwenda kwa miguu, kuelekea Busia. Atavuka ile barabara kwa hatua chache atakuwa Kenya. Sijui ana nani kule zaidi ya kaburi.

Ijumaa, 29 Machi

Bwana Denby amenipa nyumba aliyokuwa akikaa Mama Nafula. Ina kibaraza. Amesema ni shukrani, kwa kuwa nimeacha jina. Nilitaka kukataa lakini sikuwa na sababu ya kutaja. Mtu hawezi kukataa kibaraza bila sababu.

Jumapili, 31 Machi

Tumehama jana. Kimvua kidogo, kisha jua. Wanasema mwezi utaandama leo au kesho, tuanze kufunga.

Sakafu tumeikuta imefagiwa na kusiribwa upya. Alisiriba nyumba anayofukuzwa. Mama amezunguka kuta zote kwa vidole, akafika mlangoni akasimama. Akasema, "Hapa ndipo anapokaa mama wa uji." Nikasema ndiyo. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia amekwenda kwao. Akasema, "Kwao si hapa?"

Mvua ilikuwa imekatika, sikuwa na cha kusingizia.

Baada ya adhuhuri nilikwenda ofisini. Nina ufunguo. Nikaitafuta kadi yangu kwenye fungu la nne. Nikalowesha kidole, nikakisugua kile kipande cha stempu mpaka kikatoka. Kilitoka kirahisi, nusu kilikuwa kimebanduka chenyewe. Pengo liko wazi, safi. Nikairudisha kadi mahali pake, na ya mbele yake, na ya nyuma yake, nikazisawazisha.

Kumwambia bwana kwa mdomo wangu siwezi. Nimejaribu njia nzima, siwezi. Lakini mwezi wa sita tutachambua tena, amri inasema kila miezi mitatu.

Nimepita kwa Owor, nikamwomba siku hiyo anipe mkono wa mashine niuzungushe mimi.