Stima Chini ya Miguu ya Mama Neema

Jumamosi. Mvua asubuhi, jua kidogo mchana, halafu mvua tena. Nimerudi nyumbani Alum Rock na matope mpaka magotini. Bado sijaoga. Nimeona niandike kwanza, kabla moyo haujapoa.

Leo nilipanga kulala. Wiki nzima nimevuta nyaya kwenye ghala moja kule Washwood Heath na mgongo unalia. Lakini juzi Mama Neema alinipigia simu, na sauti yake haikunikalia vizuri.

Mama Neema alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango, kabla yeye na mumewe hawajapata nyumba ya kupanga kijijini, nje ya Birmingham. Wao ni Wakongo wa Uvira, watu wa kanisa. Mimi ni Msomali wa Isiolo, Muislamu, fundi wa stima. Kilichotukutanisha ni Kiswahili. Siku moja nilimsikia kwenye ngazi akimgombeza mtoto wake, nikacheka kwa sauti, akageuka. Basi, urafiki ukaanzia hapo.

Walihamia kijijini kwa sababu ya udongo. Alikuwa amechoka kuotesha mboga kwenye ndoo. Sasa ana bustani nyuma ya nyumba, lengalenga, yaani mchicha, na maharage na vitunguu, na hulima miguu mitupu hata ardhi ikiwa baridi namna gani. Mumewe aliniambia kwamba tangu wahame, mkewe analala usiku kucha, jambo ambalo hakuliona miaka mingi.

Ndiyo maana ile simu ilinishtua.

“Dada Hodan, nikishika ile robinet ya inje, iko kitu inanikamata mkono mpaka ku kiwiko. Bwana anasema ni mawazo. Daktari anasema ni mawazo. Sasa na miye naanza kusema ni mawazo.”

Robinet ni mfereji wa maji, bomba. Uko ukutani nyuma ya nyumba, hapo anapooshea mboga. Fundi wa mwenye nyumba alikuja asubuhi moja, akapima, hakukuta kitu, akaenda zake. Mumewe, Baba Neema, aliushika mchana akiwa na buti, na siku nyingine bila buti, wala hakusikia chochote. Daktari alimsikiliza Mama Neema vizuri, akauliza alikotoka na aliyoyaona huko, kisha akamwandikia vidonge vya kutuliza wasiwasi. Simlaumu. Mtu aliyekimbia vita akikuambia maji yanamuuma, utafikiria nini?

Mama Neema alikuwa ameshaanza kusema warudi mjini. Na nilijua akirudi kwenye ile gorofa, usingizi wake utabaki huko kijijini.

Nilifika saa sita mchana. Nilichomeka chuma kwenye udongo hatua chache kutoka ukutani, nikaunganisha waya mmoja wa mita yangu ya kupimia stima kwenye hicho chuma na mwingine kwenye mfereji. Kama kuna stima inayotangatanga ardhini, hapo ingejionyesha. Namba ilikaa karibu na sifuri. Nikapima kibanda cha bustani, ambacho ndicho nilichokishuku tangu nyumbani. Kizima. Nikapima soketi za jikoni, bafu, kila kitu. Safi kabisa.

Nikaanza kukunja nyaya zangu. Na nakiri hapa, kwa sababu ukurasa huu ni wangu: nilifikiri daktari yuko sawa. Sikutamka neno, lakini Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni akinitazama usoni.

“Basi ni kichwa yangu,” akasema, akaingia ndani kupika.

Tukaketi kula. Fufu na samaki, na lengalenga kutoka hapo nje. Baba Neema alijaribu kuongea habari za kazi, akaacha. Mimi nikauliza tu, zaidi ili niseme kitu, mara ya mwisho ilimkamata saa ngapi.

“Nikitoka kazi. Saa kumi, saa kumi na moja ile.”

“Na asubuhi?”

“Asubuhi niko kazini. Na siku sina kazi, mchana haiko na shida.”

Nikaweka tonge chini. Fundi alikuja asubuhi. Baba Neema alijaribu mchana. Mimi nimefika mchana.

Sote tulikuja kwa saa zetu. Hakuna aliyekuja kwa saa yake.

Nikarudisha nyaya zangu mahali pake na kuwaambia nabaki. Mvua ikaanza tena. Baba Neema akanishikia mwavuli, nadhani kwa heshima tu, kwa sababu alikuwa akitazama saa yake kila mara. Mama Neema hakutoka nje.

Saa kumi ilikuwa imepita kidogo niliposikia mngurumo ng'ambo ya ua wa miti. Huko kuna shamba la Mzee mmoja Mwingereza mwenye ng'ombe wa maziwa. Alikuwa amewasha mashine ya kukamulia.

Na namba kwenye mita ikaanza kupanda.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikafuta maji kwenye kioo. Ilikuwa inapanda kweli, ikafika mahali ambapo mtu aliyekanyaga udongo mbichi bila viatu lazima asikie. Nikamwomba Baba Neema akazime swichi kuu ya nyumba. Taa za jikoni zikazimika, friji ikanyamaza, na namba haikushuka hata kidogo. Basi haikuwa stima ya nyumba hii. Ilikuwa inaingia kutoka nje.

Nilimwita Mama Neema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. Akaja na kitambaa cha jikoni mkononi.

“Ona hii namba,” nikamwambia. “Nyumba imezimwa yote. Hii ndiyo inayokukamata. Wewe huna shida yoyote.”

Aliitazama kwa muda mrefu. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye mvua, akajifunika uso kwa kile kitambaa.

Baba Neema naye akaanza kuvua buti. Nilimkataza. Nikamwambia kwa ukali asiuguse mfereji, mita imeshasema. Hakunisikia. Alikanyaga matope kwa miguu mitupu, akagusa mfereji kwa mgongo wa kidole, akaruka nyuma kama aliyeumwa na nyuki. Kisha akaenda akachuchumaa mbele ya mkewe.

“Mama Neema, unisamehe. Nilikuwa nakusikia, lakini sikukuamini.”

Mkewe alimwekea mkono kichwani, basi.

Niliipigia simu kampuni yenye nyaya za stima za kijiji, halafu nikavuka kwenda kumwarifu yule Mzee, kwa sababu shamba lake na nyumba hii zinatumia laini moja. Stima huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ule wa kurudi ukilegea au ukioza, mashine kubwa ikiwashwa stima hutafuta njia nyingine, na mabomba ya maji na udongo mbichi ni njia. Nilitarajia anifukuze. Alinisikiliza, akavua kofia yake, akaniambia kwamba ng'ombe wake siku hizi hawataki kunywa kwenye birika la chuma kando ya ukuta. Wananyoosha shingo, wakigusa maji wanarudi nyuma. Alikuwa ameshamwita daktari wa mifugo.

Nilipomsimulia Mama Neema, alicheka kwa mara ya kwanza leo.

“Ng'ombe yake ilijua,” akasema. “Na hakuna mtu aliiambia ni mawazo!”

Mafundi wa laini walifika kabla giza halijaingia. Walipanda kwenye nguzo iliyo kati ya shamba na nyumba, wakakuta kiungo cha waya wa kurudi kimeliwa na kutu, kinashikilia kwa nyuzi chache tu. Walikikata, wakaweka kipya. Mzee akawasha mashine yake ili tujaribu. Tulisimama sote tukiikodolea macho mita yangu, na namba ikakaa chini. Nikashika mfereji mwenyewe, bila viatu. Baridi tu ya maji. Alhamdulillahi.

Habari za kurudi mjini hakuna aliyezigusa tena.

Mama Neema alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nilidhani anataka kunishukuru, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumnyamazisha. Kumbe alikuwa na jambo lingine. Jumatatu ana miadi na yule daktari aliyemwandikia vidonge, na anataka niende naye. Nikamwambia bila shaka, nitamweleza kila kitu, mambo ya waya, mashine, ardhi, nitamtafsiria.

Akatikisa kichwa.

“Hapana, Dada. Kizungu yangu ni kidogo, lakini itatosha. Miye nitasema. Wewe ukae tu karibu na miye.”

Nimeshaomba ruhusa kazini ya Jumatatu asubuhi. Sijui daktari atamjibu nini. Mimi mdomo wangu ni mwepesi, kila anayenijua anajua. Je, nitaweza kukaa kwenye kile kiti nikanyamaza mpaka amalize?

Nitanyamaza.