Dania Inayonuka Kunguni

Saboti, Jumanne, Aprili 1991

Ati dania yangu yote imeng'olewa! Ile niliyopanda nyuma ya jikoni, na ilikuwa imeshika vizuri.

Nekesa, bibi ya kijana wangu, tangu aletwe hapa kutoka Bungoma anaitikia tu, hacheki. Nimekuwa na hofu kwamba ataamka siku moja arudi kwao. Leo ameshika jembe bila kuambiwa, akapalilia.

"Mama, nimetoa yale majani yananuka kunguni," akaniambia.

Nilishika kiuno. Nilitaka kufoka, halafu nikaona macho yake yameanza kujaa machozi.

"Hiyo kunguni ndiyo ulikula kwa supu Jumapili," nikasema.

"Ile supu niliongezwa mara mbili?"

"Hiyo hiyo!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Hata mimi mbavu ziliniuma. Kumbe mtoto ana meno mazuri hivi!

Tumeokota ile haijanyauka tukairudisha kwa udongo, sijui kama itashika. Kisha akaniuliza polepole kama naweza kumpa kipande kidogo karibu na mlango, apande mboga za saga na mrenda kama za kwao.

Nimempa. Mtu wa kurudi kwao angepanda mboga ya nini? Leo nitalala.